Sindano Chini ya Goti

Msikilizaji, nianze na bakuli. Ni bakuli la chuma lenye barafu iliyopondwa, na juu ya barafu imelala figo ya binadamu. Muda mfupi uliopita ilikuwa mwilini mwa mtu, nyekundu na ya moto. Sasa imeoshwa damu yote kwa maji maalumu ya baridi, imepauka, imekuwa ya kijivu, ukiigusa utadhani samaki aliyetolewa kwenye friza. Chumba cha pili ndugu wa mwenye figo amelazwa akiisubiri. Daktari anaunganisha mshipa kwa mshipa kwa uzi mwembamba kama unywele, halafu anafungua vibanio. Damu inaingia. Figo inajaa, inageuka waridi watu wakiiona, na mambo yakienda vizuri mkojo unaanza kudondoka palepale mezani.

Wengi tungedhani hatari imekwisha hapo. Figo ilikosa damu, sasa imepata. Lakini madhara makubwa huja saa hiyohiyo ya kushangilia. Mfikirie mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi, kisha akatengewa sinia zima la wali akalifakamia. Chembe za figo zilizokaa bila hewa zimeishiwa nguvu, na hewa inapozivamia kwa ghafla huzalisha sumu kali ndani yake. Askari wa mwili, zile chembe nyeupe za damu, hukimbilia hapo kama kwamba adui ameingia, na figo huvimba. Inaweza kukaa siku kadhaa bila kufanya kazi, na mgonjwa aliyekwishaiaga mashine ya kusafisha damu anarudishwa kwenye mashine ileile. Ini nalo hupatwa na hayo, na moyo pia.

Sasa wapo watafiti wanaosema: kabla ya kisu kugusa mwili, tangulizeni sindano. Wanakusudia akupancha, tiba ya sindano ya Wachina.

Najua hapo wasikilizaji wameshagawanyika. Kuna anayeguna, na kuna anayetafuta kalamu aandike namba ya simu ya tabibu. Nawaomba wote wawili mnivumilie, kwa sababu tiba hii imeumizwa na wanaoidharau, na imeumizwa vilevile na wanaoitukuza. Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya hospitali. Baadaye tumbo lilipomjaa gesi, alichomwa sindano kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti, akapata nafuu. Aliandika hivyohivyo katika gazeti la New York Times. Lakini hadithi ilipotembea, watu wakawa wanasimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano tupu. Ukweli wenyewe ulikuwa mzuri vya kutosha, wakauongezea chumvi ukaharibika.

Shika hapo penye magoti. Weka vidole vinne chini ya kifuniko cha goti, kisha sogea nje kidogo ya mfupa wa muundi. Wachina wanapaita Zusanli. Mwaka 2014 mtafiti Luis Ulloa na wenzake kule New Jersey waliwachoma panya sindano mahali hapo na kupitisha umeme mdogo. Panya hao walikuwa na maambukizi mazito yaliyoenea mwilini. Taarifa ilipanda kwa neva ya mguu, ikapita kwenye neva ya vagasi inayotoka kwenye shina la ubongo, ikafika kwenye tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Tezi zikatoa dopamini, na ule uvimbe wa mwili mzima ukapoa. Panya walipoondolewa tezi hizo, sindano haikufaa kitu. Mwaka 2021 kundi la mtafiti Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard likaonyesha neva zenyewe zilizo ndani ya mguu, na kwamba umeme uleule mdogo ukipitishwa tumboni hauamshi njia hiyo. Kwa hiyo mahali pa kuchoma pana maana, na maana yake imo ndani ya neva.

Panya wengine walifungwa mshipa wa figo, ini au moyo kwa muda, kisha damu ikarudishwa. Waliotanguliziwa sindano, viungo vyao viliumia kidogo kuliko vya wenzao. Hapo ndipo wazo la kulinda kiungo cha kupandikizwa linapopata miguu.

Lakini wakati wa kuchoma una uzito zaidi kuliko sindano yenyewe. Kundi lilelile la Harvard, mwaka 2020, lilipitisha umeme mkali tumboni mwa panya. Waliochomwa kabla ya kupewa sumu ya bakteria waliokoka zaidi. Waliochomwa baada ya sumu kuwaka walizidiwa. Sindano ileile, mahali palepale! Mtu akikwambia akupancha haina madhara hata isipofaa, mkumbushe panya hao.

Na lipo jambo lingine linalonifanya nisite. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliubana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakauachia, mara nne mfululizo, kabla ya kuubana kwa muda mrefu. Moyo uliozoeshwa hivyo uliumia kidogo sana. Baadaye ikaonekana hata kuubana mguu au mkono kunaweza kuulinda moyo wa mnyama. Kila mtu akafurahi, mimi ningefurahi pia. Kisha ukaja mwaka 2015 na majaribio kwa watu, Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 wa upasuaji wa moyo, Ujerumani kwa karibu 1,400: mkono ukabanwa kwa mpira wa kupimia presha, na nafuu iliyotarajiwa haikuonekana. Wanyama walikuwa wamesema ndiyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nasema ipimwe, tena ipimwe hapa kwetu Tanzania. Iko sababu ambayo sijasikia ikizungumzwa. Kwenye nchi zinazotumia viungo vya waliokufa ubongo, figo ya mtoaji haitafaidika na sindano kwa njia ile niliyoieleza, maana njia inapita kwenye shina la ubongo, na shina limekwishazimika. Sisi figo zetu hutoka kwa ndugu walio hai. Hospitali ya Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 wakisaidiana na madaktari wa India, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mtoaji ni kaka au dada mwenye ubongo mzima na miguu mizima, na tarehe ya upasuaji inajulikana kabla. Madaktari wa Kichina nao wanakuja Zanzibar na Bara tangu miaka ya 1960, na huenda wa kuchoma wakapatikana miongoni mwao. Watoaji wagawanywe kwa kura, wengine wachomwe kwelikweli, wengine kwa mfano tu, na anayepima mkojo na damu ya mpokeaji asijue nani ni nani. Pwani yetu watu wanaumikwa kwa vikombe tangu enzi za mababu, wala sijasikia kuumika huko kukipimwa kwa mpango wa namna hiyo.

Hadi hapo, sindano isiuzwe kwa mgonjwa wa figo. Mtu anayelala kwenye mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, atanunua chochote atakachoambiwa, na hilo haliwezi kuwa kosa lake. Baada ya kupandikizwa atameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, dawa zinazopunguza kinga, hivyo sindano chafu kwake ni hatari maradufu. Na pale penye sindano mara nyingi pana dawa za mitishamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ubelgiji, zaidi ya watu mia moja waliokuwa wakipunguza unene waliharibikiwa figo kwa mitishamba ya Kichina iliyochanganywa kimakosa, na baadhi yao wakaishia kuhitaji upandikizaji.

Ukiwa na ndugu anayesubiri figo, mitishamba hiyo aiweke kando. Sindano, akiitaka, amtajie daktari wake wa figo kabla hajachomwa.