TUHESABU KABLA YA KUSHONA
(Maneno kwa wanachama wa chumba cha upasuaji)



Leo twasema juu ya kuhesabu. Kitambaa cha shashi kikilowa damu hufanana na nyama. Kikisahauliwa tumboni huleta usaha na maumivu.

Mwaka 2003 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu mwilini. Wagonjwa 37 walipasuliwa tena, na mmoja alikufa. Na pale vitu vilipohesabiwa, mara nyingi hesabu iliandikwa kuwa ni sawa.

Basi kuandika si kuhesabu. Watu wawili wahesabu pamoja, kwa sauti, kimoja kimoja: kabla ya kupasua, kabla ya kufunga tumbo, na tena wakati wa kushona ngozi. Kikipungua kimoja, kazi isimame. Kitafutwe mwilini, ndooni na sakafuni. Kisipoonekana, mgonjwa apigwe eksirei. Ndiyo maana shashi za upasuaji hutiwa uzi unaoonekana katika picha.

Sasa madai yetu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha inayomtaka muuguzi atamke hesabu kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Aliyepewa kazi hiyo apewe na haki ya kusema, “Ngoja, daktari,” bila kugombezwa. Zamu ikibadilika, anayeingia na anayetoka wahesabu pamoja. Tena twataka watu wa kutosha usiku, kwani hatari huzidi katika upasuaji wa ghafula.

Mgonjwa amelala, hawezi kujihesabia. Tumhesabie sisi.