Kuvu Iuayo Kiduha: Utajuaje Kama Imefanya Kazi?

Leo tuzungumze habari za kiduha, ambacho ndugu zetu wa Nyanza hukiita kayongo. Unakijua: maua yake ya zambarau yanapendeza macho, lakini mahindi yaliyo karibu yamedumaa kana kwamba yamekosa mvua. Ukikiona kimechomoza, ujue wizi ulianza zamani huko chini mizizini. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, laini kama vumbi, nazo hukaa udongoni hata zaidi ya miaka 10 zikingoja mizizi ya mahindi, mtama au wimbi.

Kiduha nacho kina adui yake. Ni kuvu ya udongoni, aina ya fuzari, inayokiozesha kiduha bila kuyadhuru mahindi. Magharibi ya Kenya wakulima 500 waliijaribu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na mavuno yaliongezeka kwa asilimia 42 hadi 56. Mbegu ya kuvu ililetwa kijijini juu ya vijiti vya meno, ikakuzwa kwenye wali uliopikwa, kisha ikatiwa ndani ya shimo pamoja na mbegu ya mahindi.

Utauliza, “Bwana Shamba, kitu nisichokiona nitajuaje kama kipo?” Wataalamu huchota udongo na kutafuta alama za kijenetiki za kuvu ile maabarani, maana udongo una fuzari nyingi zinazofanana. Wewe huna maabara, lakini una macho, kamba na kalamu. Basi fanya hivi:

Kwanza, acha mistari michache bila kuvu. Mbegu, mbolea na siku ya kupanda viwe sawasawa pande zote mbili.

Pili, tangu juma la sita hesabu kiduha kilichochomoza kila baada ya majuma mawili. Andika. Kisha king'oe kabla hakijatoa mbegu, ukichome moto.

Tatu, pima mavuno ya kila upande mbali mbali.

Usipofanya hivyo, mvua njema itasifiwa kwa kazi ya kuvu, au kuvu italaumiwa kwa kosa la ukame, na fedha yako imekwenda.

Neno la mwisho: usijitengenezee dawa kwa mahindi yaliyoota ukungu ghalani. Ukungu ule ni mwingine, na huweza kuwa na sumu. Chukua kuvu iliyokaguliwa tu.

Haya, jembe na daftari viende pamoja. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.