Simu ya Mkononi na Sahani ya Futari

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Mola wetu ameturuhusu kula na kunywa, akatukataza israfu. Lakini tazameni futari zetu: kaimati zilizorowa shira, tambi za sukari, sharbati na chai tamu, vyote kwa mkao mmoja. Mwenye afya huinuka mzito kuiendea Tarawehe. Mwenye kisukari huenda asiinuke.

Wenzetu wa Senegal, nchi ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, walilitafutia jambo hili njia. Mwaka 2014 serikali yao, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ilianza kuwapelekea wagonjwa wa kisukari ujumbe mfupi wa simu bila malipo, kabla ya Ramadhani, ndani yake na baada yake. Walikumbushwa kunywa maji ya kutosha kabla ya kufunga na kuzihesabu tende wanazofuturia. Ujumbe mfupi hauhitaji intaneti wala simu ya thamani kubwa. Hata mzee mwenye kisimu cha vitufe humfikia.

Hekima yake ni nini? Ni wakati. Nasaha ya Ijumaa husahauliwa kabla ya Jumatatu, bali ukumbusho unaofika robo saa kabla ya Magharibi humkuta mama bado yuko jikoni, na kijiko cha sukari ki mkononi.

Basi nasi tufanye hivyo misikitini mwetu. Akhera haipotei kwa kumwandikia jirani: "Leo tufuturu kwa maji, tende chache na mboga." Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kushuka chini ya asilimia 5, takriban gramu 25 au vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Wangapi kati yetu humaliza kiasi hicho kwa vikombe viwili?

Hata hivyo, tahadharini. Simu hiyohiyo huleta habari za mizizi inayoponya kisukari kwa siku saba. Qur'ani imetuamrisha kuhakikisha habari. Msiisambaze msiyoithibitisha, wala mtu asiache dawa kwa ajili yake. Na ambaye daktari amemkataza kufunga, asione haya: rukhsa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, na aliyeitoa ni Yuleyule aliyefaradhisha funga.

Mwili ni amana, na simu ni chombo. Tutaulizwa juu ya vyote viwili.

Wabillahi tawfiq.