Ithari: Parachuti Moja

Ndugu zangu katika imani, ithari ni kumtanguliza mwenzio katika kile unachokihitaji mwenyewe. Kwayo Mwenyezi Mungu amewasifu Ansari katika Suratul-Hashr. Nguo tulizochoka kuzivaa, tunazozitoa mwezi huu, ni sadaka. Ithari si hiyo.

Tarehe 13 Agosti 1951, vita vikiwa vimekwisha, ndege mbili za mafunzo ziligongana angani Yorkshire, hapa Uingereza. Ofisa wa Jeshi la Anga, John Quinton, aliipata parachuti moja tu. Akamfunga nayo kijana kadeti, akamwonyesha kamba ya kuvuta, akamwashiria aruke. Hiyo kamba, ndugu zangu! Mauti yamemkabili, naye anafundisha.

Msiniulize dini yake. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Aliyefika chini hai ni yule kijana peke yake.