Asiyesikia Vizuri Si Mjinga
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kisesa)



Mzee mmoja wa darasa letu ana mashine ya kusikia. Siku ya imla nilisoma "saa", yeye akaandika "taa". Wenzake wakacheka. Akaongeza sauti ya mashine mpaka mwisho. Bado akaandika "taa". Tangu siku hiyo mashine iko sandukuni, na darasani haji tena.

Je, kosa ni lake? Hapana. Katika "saa", ile "aa" ni sauti nene yenye nguvu. "S" ni nyembamba na dhaifu. Sikio likizeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ukiongeza zote sawasawa, "aa" inanguruma na "s" inafunikwa.

Mashine nyingi za siku hizi hurekebishwa na mtaalamu: sauti nyembamba zipandishwe zaidi, na makelele yazuiwe yasiumize. Basi, asiyeelewa maneno arudi akapimwe. Pale Bugando wapo wataalamu wa masikio.

Nasi tusimpigie kelele. Tumtazame usoni, tuseme polepole, redio izimwe.

Kesho tumfuate mzee wetu nyumbani. Aliyecheka atangulie.