Aina ya Mafuta

Msikilizaji wa Kikwajuni, ukiambiwa uache mafuta yote ili uokoe moyo, umepewa nusu ya habari; nusu nyingine ni aina ya mafuta. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Padua, Italia, walichapisha vipimo vya wanavijiji wa Ludewa. Waliokula samaki wa Ziwa Nyasa kila siku walikuwa na shinikizo la damu na kolesteroli vilivyo chini kuliko vya wenzao wa milimani, walaji wa mboga. Na samaki ana mafuta! Utasema maisha ya ziwani na milimani hayafanani. Sawa, lakini damu ya walaji samaki ilikutwa na omega-3, aina ya mafuta ya samaki, nyingi zaidi. Tena Morisi, mwaka 1987, serikali ilipunguza mawese katika mafuta ya mgao ikaongeza soya. Kufikia 1992 wastani wa kolesteroli ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita.

Utauliza, mbona wazee walikula nazi wakazeeka? Walikula, ila tui la mchuzi si karai la mafuta yanayokaangiwa kutwa, kesho yakapashwa tena, yakawa meusi na mazito kama asali. Hayo yamwageni. Jodari mpikeni mchuzi.