Mwenzako Akianguka Kazini

(Haya ni maneno aliyoyasema mwanachama mmoja wa Ruiru katika mkutano wa tawi, Thika. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema.)

Mimi si msemaji. Kazi yangu ilikuwa njia ya reli: mataruma, kokoto na nyundo. Lakini Katibu ameniomba niseme juu ya ugonjwa wangu, nami nimekubali, maana niliuficha miaka miwili, na kuuficha kwangu kungeweza kuua mtu.

Nina kifafa.

Wengi wenu mmeona mtu akianguka, lakini hamjui mambo yalivyo kwake mwenyewe. Mimi kwanza nasikia kitu kinapanda kutoka tumboni mpaka kifuani. Kisha inakuja harufu ya mpira unaoungua, na hali hakuna mpira wo wote. Hapo nina nafasi ya kuketi chini tu. Baada ya hapo sijui kitu. Nikirudi, naona viatu vya watu vimenizunguka. Ulimi nimeuuma, suruali imelowa, na mwili unauma kama nimepakua behewa zima peke yangu. Mtu akiniuliza jina langu, nalitafuta kwanza. Lakini yanayouma zaidi ni macho ya watu.

Tena si wote huanguka. Wako wanaokodoa macho kitambo kidogo wasijibu neno, na nyapara hudhani ni jeuri.

Ugonjwa huu ni wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu ndogo ya umeme, na umeme huo ukivurugika ghafula, mwili huvurugika nao. Wengine huupata kwa kuumia wakati wa kuzaliwa, wengine kwa malaria iliyopanda kichwani, kwa pigo la kichwa, au kwa tegu wa nguruwe aliyeingia ubongoni. Wengine sababu yao haijulikani. Si kulogwa, wala hauambukizi kwa mate. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wanao, na kwamba hata 70 katika kila 100 wangeweza kukaa bila kuanguka kama wangetibiwa vizuri. Dawa moja ya bei nafuu, fenobabitali, ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912. Basi dawa hiyo ina umri kuliko reli yetu ya Thika, iliyofunguliwa 1913!

Sasa, ni nini huuamsha? Kwangu ni mambo mawili: kukosa usingizi, na kuacha vidonge. Kwa wengine ni pombe nyingi siku ya mshahara, au homa, au wasiwasi mkubwa. Wachache huamshwa na mwanga unaometameta.

Mimi nilipokaa miezi kadha bila kuanguka, nilijiona nimepona, nikaacha vidonge. Kisha tukafanya kazi usiku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne nikaanguka kando ya reli, hatua chache tu kutoka njia yenyewe. Wenzangu walikimbia wakiogopa mate yangu. Aliyenisaidia ni mama anayetuuzia chai, kwa kuwa ana mtoto mwenye kifafa. Siwalaumu wenzangu. Mimi ndiye niliyewanyima habari. Kama gari la moshi lingalikuja, na mmoja wao angalirudi kunivuta, leo tungekuwa na wajane wawili.

Basi shikeni aliyoyafanya mama yule. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu. Weka koti chini ya kichwa. Legeza ukosi. Usimkandamize, wala usimtie kijiko wala maji kinywani. Mtetemo ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajaamka, mpelekeni hospitali upesi. Akiamka, kaa naye, mfunike, usimcheke.

Shuleni misheni tulisomewa katika Injili ya Marko habari za kijana aliyeanguka motoni na majini. Hata leo moto na maji ndivyo hutuumiza: jiko la nyumbani, na mto Chania. Mfanya kazi wa reli aongeze cha tatu, nacho ni gari la moshi.

Kwa hiyo siombi nirudishwe njiani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya ulemavu, lakini inakubali pia kwamba kazi nyingine zina masharti yake, na hiyo ni haki. Ninaloomba ni hili: mtu akisema kweli, abadilishiwe kazi, asifukuzwe. Mimi nilipewa kazi ya stoo, mchana tu, kwa sababu chama kilisimama nami. Apewe pia siku ya kwenda kuchukua dawa.

Nanyi mnaoficha kama nilivyoficha mimi, najua mko humu ndani. Mwambieni mwakilishi wenu kabla reli haijamwambia kwa niaba yenu.